Barua ya kufunga muhula: simu za watoto na kazi ya welding

Mbukwenyi wazazi na walezi,

Poleni na majukumu. Mvua zimeanza na wengi mko mashambani huko Bahi, Kongwa na Chamwino, kwa hiyo siwachoshi na taarifa ndefu, karatasi ya matokeo kila mtoto kapewa na tarehe ya kufungua chuo ipo humo humo. Leo naongelea simu tu.

Maana nimepigiwa jamani! Mzazi anauliza, mwalimu, hivi kweli nyie ndo mmemwambia huyu acheze gemu, mbona anasema ni masomo? Ndio, ni sisi.

Darasa la welding lilikuwa limepoa. Mtoto anaingia karakana, anagusisha rodi, kile kijiti cha kuchomelea, inanata kwenye chuma, anaing'oa, inanata tena, ya tatu anaenda zake kukaa chini ya mwarobaini. Na rodi ni hela, ile ya unene wa geji 10 ukiiwasha dakika moja na kidogo imeisha, umeme wa LUKU nao unakimbia. Ndo tukajaribu apu ya kuigiza kuchomelea, unaburuza kidole kwenye mstari, ukikaribia sana inanata, ukiwa mbali inatapanya cheche, ukikimbia mshono unakuwa mwembamba, mwisho inakupa pointi. Nyingine ni ya maswali, mfano rodi ya milimita 2.5 inataka umeme wa ampia ngapi (kawaida ni 60 mpaka 90), wanashindana kila Ijumaa na kelele zake mnazisikia mpaka barabarani.

Wa mwarobaini wakarudi. Kwa ninavyoona mimi kilichowarudisha sio hizo pointi, ni kwamba kwenye simu mtu anakosea hata mara arobaini na hakuna wa kumcheka wala kumwambia unatumalizia rodi. Ila kuchomelea kwenyewe simu haifundishi. Kinara wetu wa pointi siku moja kapewa rodi zilizolala kwenye unyevu, mshono ukatoka na vitundu kama chapati ya maji, akabaki anaiangalia tu, maana kwenye apu rodi hazilowi.

Kuna jambo lilitukuta nalisema bila kuficha. Kijana mmoja alimrekodi mwenzake anachomelea, yeye anayerekodi hana kioo cha kuzuia mwanga, akadhani akiangalia kupitia simu yuko salama. Ule mwanga unaingia tu pembeni. Mchana hakusikia kitu, usiku macho kama yamejaa mchanga, hakulala. Tangu hapo simu zinabaki nje ya karakana, picha ya mshono inapigwa baada ya kugonga lile ganda linalobaki juu yake na kupiga brashi, basi.

Sasa likizo hii naomba, apu ya kuchomelea ikishapakuliwa haili bando, nusu saa jioni inatosha, mwambieni awaonyeshe kafika levo gani hata kama hamwelewi kitu, atawaeleza mpaka mchoke. Na kama mtaani kuna fundi wa mageti mnayemwamini, akakae naye siku mbili tatu, kioo cha uso asiache.

Akirudi aje na glavu za ngozi, zile za kitambaa zinaungua.

Halafu ile simu ndogo ya batani iliyosahaulika ofisini siku ya kikao ipo kwenye droo yangu, chaji imeisha, mwenyewe aje.

Mkuu wa Chuo