Ondokeni Kabla Hawajachoka: Barua ya Wazi kwa Wazazi Mnaopeleka Watoto Wadogo na Wazee Bustanini

Wanangu,

Nawasalimu nyote. Nawaandikia nyinyi mnaopanga kuwachukua watoto wa mwaka mmoja hadi minne, pamoja na babu na bibi zao, mwende mkatembee siku kadhaa kwenye bustani kubwa ya burudani. Ni jambo jema na mzidi kulifanya. Lakini ratiba nyingi za safari za namna hii hupangwa na mtu mwenye nguvu zake kwa kipimo cha nguvu zake, kisha mtoto na bibi wakatarajiwa kufuata. Hawawezi kufuata, na siku ya pili kila mtu amemnunia mwenzake.

Ninalotaka mlishike ni hili: pumzikeni kwa saa, msisubiri kuona uso wa mtu umebadilika. Mtoto wa miaka miwili akichoka hasemi. Hukimbia zaidi, hucheka ovyo, hukataa kushikwa mkono, na mnadhani bado ana nguvu. Dakika kumi baadaye yuko chini sakafuni analia na hakuna kinachomtuliza. Mzee naye hasemi, kwa sababu yake: hataki kuonekana mzigo. Ukimwuliza, "Baba, umechoka?" atakujibu, "Hapana, endeleeni tu." Basi mkiziona dalili, mmeshachelewa, na bado kuna mwendo mrefu hadi langoni. Badala ya kumwuliza kama amechoka, mwambie, "Baba, saa tano tunakaa kula." Hapo hana la kukanusha.

Asubuhi ndiyo siku yenyewe. Bustani ikifunguliwa saa tatu, muwe langoni saa mbili na robo, kwa sababu ukaguzi wa mifuko na tiketi una foleni yake. Saa ya kwanza baada ya lango kufunguliwa ndiyo yenye foleni fupi, na wengi huipoteza kwa kupiga picha mlangoni. Itumieni kwa michezo ya watoto wadogo. Msidhani foleni ndefu ziko kwenye vigari vya kasi peke yake. Vyombo vya watoto hubeba watu wachache kwa zamu, na kuwapandisha, kuwafunga mikanda na kuwashusha huchukua muda kuliko mchezo wenyewe. Ndiyo maana pale Magic Kingdom, bustani ya Disney iliyoko Florida, Marekani, mwaka 2012 waliongeza mzunguko wa pili wa mchezo wa Dumbo, ule wa watoto kupanda tembo warukao, wakaweka na hema la watoto kuchezea wakati wazazi wanasubiri zamu.

Kuleni saa tano kamili. Kuanzia saa sita hadi saa nane migahawa hujaa, na mtoto mwenye njaa kwenye foleni ya chakula ni adhabu kwa wote. Mzee mwenye kisukari naye hawezi kuahirishiwa mlo hadi meza ipatikane. Saa sita muwe mnatoka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku nzima, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Mkimnyima ule wa mchana hataufidia usiku. Aliyechoka kupita kiasi hulala kwa shida na huamka mapema. Rudini bustanini saa kumi, jua likiwa limepungua makali, mkae saa mbili au tatu, inatosha.

Hesabu ya kurudi hotelini ifanyeni kwa uaminifu, tangu mlipoketi hadi mlango wa chumba: kutembea hadi langoni, kungoja basi, kukunja kigari cha mtoto, kupanda lifti. Ikizidi dakika 40 kwa upande mmoja, mapumziko yataliwa na njia. Hapo bakini ndani, lakini mpumzike kweli. Tafuteni ukumbi wa maonyesho wenye viti na kiyoyozi, au kona ya mgahawa iliyo tulivu baada ya saa nane. Bustani nyingi kubwa zina chumba cha kunyonyeshea na kubadilishia nepi. Kitafuteni kwenye ramani kabla hamjakihitaji. Mkae saa moja na nusu bila mtu kusema "tukachungulie pale tu".

Kigari cha mtoto mchukue hata kama mtoto wenu ana miaka minne na aliacha kukitumia zamani. Lakini mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto wa chini ya miaka mitano asifungwe kwenye kigari au kiti zaidi ya saa moja kwa mfululizo. Kila saa mfungueni akimbie robo saa mahali penye uwazi. Akilala humo, laza kiti, msogeze kivulini, na tafadhali msimfunike kwa shuka au kanga kuzuia jua. Kitambaa huzuia hewa, na ndani joto hupanda upesi bila nyinyi kulihisi kwa nje. Tumieni kile kivuli cha kigari chenyewe, hewa ipite pande zote. Angalieni pia vipimo: bustani za Disney za Marekani haziruhusu kigari kinachozidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu, na tangu Mei 2019 zimekataza vile vigari vya kuvutwa vyenye umbo la mkokoteni. Fungeni utepe wa rangi kwenye mpini, maana wahudumu huvihamisha na kuvipanga upya vikiwa mamia. Dawa na pasipoti zisiachwe ndani yake.

Sasa niseme kuhusu sisi wazee, kwa kuwa hapa ndipo mnapokosea zaidi. Mzee anayetembea vizuri nyumbani hatembei kilomita kumi kwa siku, na bustani kubwa inaweza kuwatembeza hizo na zaidi. Kule EPCOT, bustani nyingine ya Disney huko Florida, kulizunguka ziwa la sehemu iitwayo World Showcase peke yake ni karibu kilomita 1.9. Na kutembea kuna nafuu; kusimama ndiko kunakomaliza. Mguu unaotembea husukuma damu kurudi juu, lakini kwenye foleni ya dakika 40 damu hukaa miguuni, vifundo huvimba, kiuno huuma, wengine huona kizunguzungu. Kwa hiyo chukueni kiti cha magurudumu hata kwa anayetembea. Kiti hicho si cheti cha ugonjwa. Ni mahali pa kukaa mnapokwenda napo, na mzee akitaka anaweza kukisukuma mwenyewe kama egemeo. Msimlazimishe kukalia, kiwepo tu, na kufika saa nne atakuwa ameketi. Viti vya kukodi langoni huweza kwisha asubuhi, kwa hiyo wekeni oda mapema au mje na chenu.

Anayesukuma ajue mambo mawili. Magurudumu ya mbele ni madogo, na kwenye njia zenye reli za treni ndogo huzama kwenye ule mwanya. Vukeni reli moja kwa moja, kamwe msivuke kwa mshazari, la sivyo kiti husimama ghafla na mzee hutupwa mbele. Na kwenye mteremko mkali shukeni kinyumenyume, aliyekalia akiwa ameelekea juu. Mkichagua skuta ya umeme, ile ya mzee kukalia na kujiendesha, ichajini usiku kucha, na mtoto asipakatwe juu yake hata kama babu anapenda.

Michezo ya kupanda isomeni kwa macho mawili: ubao wa maonyo, na namna ya kushuka. Ubao utawaambia kuhusu moyo, shinikizo la damu, mgongo, shingo na ujauzito, na hayo si ya kujadiliana. Ila kuna michezo isiyo na onyo lolote ambayo bado inamshinda mzee. Mashua za mwendo wa pole, kwa mfano, mara nyingi kiti chake kiko chini sana. Kuingia ni rahisi, kutoka kunataka magoti. Simameni dakika mbili upande wa kutokea, mwangalie watu wa umri wake wanavyoinuka. Penye sakafu inayosogea wakati wa kupanda, mwombeni mhudumu aupunguze mwendo au ausimamishe; kwenye michezo mingi inawezekana, lakini aambiwe kabla hamjafika ukingoni.

Mtoto naye ana kipimo chake, nacho ni urefu. Viwango vya kawaida ni kama sentimita 97, 102, 112 na 122. Mpimeni nyumbani akiwa na viatu vya safari, na mchezo asioufikia msimtajie kabisa. Kumpanga foleni kwa kubahatisha, akakataliwa mbele ya ubao, ni kumuumiza bure. Wakubwa wanaotaka kuupanda waulize mlangoni, kabla ya kuingia kwenye foleni, kuhusu utaratibu wa kupokezana: kundi moja linapanda huku jingine linakaa na mtoto, kisha la pili linaingia bila kuanza foleni upya. Katika bustani za Disney utaratibu huo huitwa Rider Switch na haulipiwi.

Hapa nina ombi. Anayebaki na mtoto asiwe bibi kila mara. Bibi amekuja kutembea, hakuja kulea ili wengine watembee. Gawaneni nusu siku kwa nusu siku, mtu mzima mmoja kati yenu akiwa ndiye mwenye mtoto, na jina lake lijulikane. Watoto hupotea pale kila mtu anapodhani mwenzake ndiye anayeangalia. Mpigeni mtoto picha kila asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo, mwandikieni namba ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika upesi, na akipotea mwambieni mhudumu wa karibu papo hapo kabla ya kuanza kuzunguka.

Kugawanyika makundi ni jambo la busara, si utengano. Asubuhi muwe pamoja, mkutane tena kwenye mlo, na katikati kila kundi liende kwa mwendo wake. Mahali pa kukutana pasiwe kwenye chemchemi kubwa wala chini ya mnara, kwani bustani nzima hukutania hapo. Chagueni benchi lenye kivuli karibu na choo, ili atakayetangulia asipate shida ya kusubiri.

Joto halina mzaha. Kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, hivyo mzee anaweza kukaukiwa na maji mwilini bila kuhisi. Mpeni mafunda machache kila dakika 20, isipokuwa kama daktari amemwekea kipimo cha maji kwa ajili ya moyo au figo. Wapo wanaokwepa kunywa kwa kuhofia kutafuta choo. Tatizo hilo mlitatue kwa kujua vyoo viko wapi, msilitatue kwa kiu. Anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini amwone daktari wake kabla ya safari kuhusu saa za kuzimeza, asiziache kwa uamuzi wake. Insulini inayotumika isiachwe juani wala isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika. Mtu akitokwa jasho jingi, akalegea na kuona kichefuchefu, mpelekeni kivulini, alazwe, anyweshwe, apepewe huku amelowanishwa. Akianza kuchanganyikiwa au kuongea yasiyoeleweka, huo ni mshtuko wa joto: iteni huduma ya dharura mara moja, mkiendelea kumpoza kwa maji mwili mzima.

Mambo madogo ya watoto nayataja haraka. Vyoo vinavyojimwagia maji vyenyewe humtisha mtoto anayejifunza kuacha nepi, na akitishika mara moja hataki tena kukaa hapo siku nzima; bandikeni kipande cha karatasi ya gundi juu ya kile kijicho cha kihisio, mkibandue mtoto akishashuka. Wahusika wa katuni, wale watu waliovaa mavazi makubwa, wasimfuate mtoto. Mwache awaone kwa mbali kwanza, asogee akitaka. Viziba sauti vya masikioni vitawafaa kwenye kumbi zenye giza na kwenye fataki.

Fataki chagueni usiku mmoja tu katika safari yote, ule unaofuatiwa na siku isiyo na bustani. Zikiisha, msiinuke na umati. Kaeni palepale nusu saa, lango lipungue, ndipo mtoke.

Siku mbili za bustani, kisha moja ya kupumzika. Siku ya kusafiri isihesabiwe kuwa ya bustani. Viatu vipya vibaki nyumbani, na kila mtu mzima awe na jozi mbili za kubadilisha, kwa sababu lengelenge hutokea pale pale kiatu kilipokwisha kusugua jana.

Na kabla hamjanunua tiketi, mpigieni mzee wenu simu, mmwulize mambo matatu: anaweza kusimama dakika ngapi bila kuegemea, anakwenda choo kila baada ya muda gani, na dawa zake anazimeza saa ngapi. Yaandikeni. Wekeni na saa za usingizi wa mtoto kando yake. Ratiba ianzie kwenye karatasi hiyo, kisha ndipo mfungue ramani ya bustani.

Wenu,
Mzee wenu