Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: Kijerumani cha B2 hakipatikani kwa miezi mitatu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kazi na Ulinzi wa Jamii,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mwalimu wa Kijerumani. Wanafunzi wangu ni wauguzi, mafundi wa umeme na vijana waliomaliza vyuo vya ufundi wakakosa kazi, na swali lao ni moja: mwalimu, nitaondoka lini? Jibu la swali hilo liko kwenye lugha. Lakini ajira za ng'ambo zinapotangazwa, lugha hutajwa mwisho kabisa, tena kwa kupitia tu, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Tarehe 13 Septemba 2024 mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi kati ya Kenya na Ujerumani ulitiwa saini mjini Berlin, Rais William Ruto na Chansela Olaf Scholz wakiwapo. Mara zikaenea habari za nafasi 250,000. Serikali ya Ujerumani ikakanusha, ikasema mkataba hautaji idadi yoyote. Huku mitaani tulikuwa tumeshachelewa, namba imeshaingia masikioni mwa watu. Kuanzia Kisauni hadi Likoni wazazi walianza kutafuta pesa za ada, na matangazo yakawangoja nje ya milango yao: Kijerumani hadi B2, miezi mitatu, viza ya uhakika.

B2 ni ngazi ya nne kati ya sita za kupimia lugha, kuanzia A1, A2, B1 hadi C2. Hebu tupige hesabu, Mheshimiwa. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, wanaotunga mtihani wenyewe, wanakadiria kwamba mtu anayeanzia sifuri huhitaji vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 ili afike B2. Ukitaka kumaliza hata vile 600 kwa wiki kumi na mbili, lazima mwanafunzi akae darasani vipindi 50 kwa wiki, yaani kumi kila siku ya kazi, na bado arudi nyumbani akariri maneno. Huyu ni mtu anayefanya zamu ya usiku, au analea mtoto, au anauza nguo soko la Kongowea ili alipe ada hiyo hiyo. Anayemuahidi miezi mitatu anamuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nimempokea msichana mmoja, muuguzi mwenye diploma, aliyetoka kwenye chuo cha namna hiyo. Sitakitaja. Mama yake aliuza bangili zake za dhahabu ili amlipie. Alikuja na cheti cha B1 kilichopigwa muhuri wa chuo chenyewe, karatasi ambayo hakuna ubalozi wala mwajiri atakayeipokea. Nilipomwambia ajitambulishe kwa Kijerumani alitiririka bila kosa: jina, umri, mji anakotoka, anachopenda kufanya akipumzika. Nikamuuliza, kwa Kijerumani chepesi, mgonjwa wa kitanda cha pili amekula nini leo asubuhi. Akaniangalia tu. Alikuwa amekaririshwa ukurasa mmoja, na ukurasa huo ulikuwa umekwisha. Tumeanza naye upya kuanzia A2, na ni mwanafunzi hodari. Tatizo halikuwa kichwa chake hata siku moja.

Watu hunijibu kwamba sisi wa Pwani Kijerumani tunacho tayari. Ni kweli kwa kiasi fulani. Watalii wa Kijerumani wamekuwa wakija hapa tangu enzi za wazazi wetu, na kule ufuoni Bamburi kuna vijana wanaouza vinyago na safari za mbugani ambao hupatana bei kwa Kijerumani na kuchekesha wageni. Nawaheshimu sana, kwa sababu wamejifunza kwa sikio, bila kitabu. Lakini mtihani wa B2 una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moja inataka alama 60 kwa 100. Kwenye kuandika unapewa dakika 75 utoe hoja zako kwa maneno kama 150 hivi, kisha umwandikie mtu barua rasmi ya maneno kama 100. Kijana wa ufuoni hupita kwenye kuzungumza akakwama hapo. Kuna wengine nimewaona wamekata tamaa moja kwa moja, nao ndio waliokuwa karibu zaidi kufika.

Tafadhali usinielewe vibaya. Siwaombi Wajerumani walegeze masharti. Muuguzi hupokea zamu kwa maneno: nani amepewa dawa gani, saa ngapi, miligramu ngapi, nani ana mzio. Akikosea kusikia, mtu anakufa. Kama ni mama yangu aliyelazwa kule, ningetaka nesi wake awe na B2 kamili. Sharti ni la haki. Kisicho cha haki ni kumficha mtu sharti hilo mpaka awe ameshalipa.

Kuna na mkanganyiko mwingine unaoumiza watu. Tangu Juni 2024 Ujerumani ina Chancenkarte, kadi inayomruhusu mtu mwenye taaluma kwenda kutafuta kazi kwa muda wa mwaka mmoja, na kwa upande wa lugha inakubali Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Mawakala wameichukua A1 hiyo wakaifanya habari yote. Hawasemi kwamba mwombaji lazima aonyeshe pesa za kujikimu, zaidi ya euro 1,000 kwa kila mwezi. Wala hawasemi kwamba muuguzi anayetaka kutambuliwa kikamilifu kwa kawaida atadaiwa B2, na kijana anayetaka kwenda kusomea ufundi kule kwa kawaida B1. Kadi hiyo inampeleka mtu hadi mlangoni, ndani haimwingizi.

Hata Kiingereza, lugha tuliyosomea, si cha kuchukulia hivi hivi. Mwaka 2021 Mutahi Kagwe, akiwa Waziri wa Afya, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili waende Uingereza, ni 10 tu waliopita. Na tangu Januari 2026 Uingereza imepandisha kiwango cha viza ya wafanyakazi wenye ujuzi kutoka B1 hadi B2. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa kuthibitisha Kiingereza.

Sasa ninachoomba. Diploma ya uuguzi huchukua miaka mitatu. Tukiweka vipindi nane vya Kijerumani kwa wiki, kwa wiki 30 za masomo kila mwaka, ifikapo siku ya kuhitimu mwanafunzi amepata vipindi 720. Hiyo ni B2, bila mama yeyote kuuza bangili. Vyuo vya uuguzi haviko chini yako, najua, lakini ni wewe unayetafuta nafasi hizi za kazi, na Waziri wa Afya na wa Elimu mnakaa baraza moja. Walimu mtawapata. Mombasa imejaa watu waliofanya kazi mahotelini miaka mingi kwa lugha hii, na Kijerumani kimo kwenye masomo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Wapeni mafunzo ya ualimu na mshahara unaoeleweka. Na walengeni wale vijana wa Bamburi kwa darasa la kuandika peke yake.

La pili, Mamlaka ya Taifa ya Ajira huweka hadharani orodha ya mawakala wenye leseni. Agiza kwamba kila wakala kwenye orodha hiyo, na kila tangazo la kazi linalotoka wizarani kwako, lieleze kwa Kiswahili mambo manne: kiwango cha lugha kinachotakiwa, mtihani unaokubaliwa, vipindi vinavyokadiriwa, na nani analipa. Anayeahidi viza kabla ya mtihani anyang'anywe leseni.

Hili la pili halihitaji bajeti. Linahitaji waraka wa ukurasa mmoja wenye saini yako, na maonyesho ya kazi yajayo hapa Mombasa yasifunguliwe kabla haujatoka.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa Kijerumani,
Tudor, Mombasa.