Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Papa, Maji ya Tope na Usalama Wetu Ghuba ya Malindi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha michezo ya mawimbi,

Assalamu alaikum, na nyote hamjambo. Habari za fedha mtazipata kwa mweka hazina, na orodha ya mbao za kupandia mawimbi na jaketi za kuokolea tulizonunua imebandikwa bandani. Mimi naomba nafasi yangu karibu yote niitumie kwa jambo moja lililotukosesha usingizi tangu Novemba, nalo ni papa.

Mwaka huu hakuna mwanachama, mwanafunzi wala mgeni wetu aliyeumwa na papa. Walioumia waliumizwa na mwiba wa samaki taa, na konyeza (jellyfish), na kamba ya kaiti, lile tiara kubwa linalomvuta mtu juu ya ubao, iliyochana kiganja, na yule kijana wetu alichukuliwa na mkondo karibu na gati akaopolewa na wavuvi waliokuwa wanarudi na mtumbwi. Wavuvi hao nawashukuru tena mbele yenu. Nimeanza na haya makusudi, kwa sababu baada ya Novemba watu walikuwa wakitazama upeo wa macho kutafuta pezi, huku wamesahau mkondo ulio miguuni mwao.

Mvua ilinyesha sana bara, mto Sabaki ukashuka mwekundu, na maji ya ghuba yakawa rangi ya chai ya maziwa hadi kulipita gati. Asubuhi moja wavu ukatoa papa mdogo, urefu wake kama mkono wangu kutoka begani hadi ncha za vidole. Nilimshika mwenyewe. Ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani ngozi ni laini. Ukirudisha kiganja, inakwaruza kama msasa. Tumboni, katikati ya mapezi ya kifua, kulikuwa na kovu dogo lililokuwa halijafunga sawasawa. Ni kitovu. Alikuwa mtoto, aliyezaliwa si siku nyingi.

Kuna aliyempiga picha. Kabla ya adhuhuri ujumbe ulikuwa umezunguka simu zote: papa wamevamia Malindi. Mimi niliupokea na kuusambaza kwenye kundi letu bila kuuliza ni papa gani, mkubwa kiasi gani, wala kapatikana wapi. Wageni wakafuta nafasi zao, na walimu wetu wa kaiti wakakaa karibu wiki mbili bila ujira. Kosa hilo ni langu na naomba radhi, hasa kwa walimu.

Sasa nieleze kwa nini papa yule alikuwa pale, maana wengi waliniuliza na sikuwa na jibu la haraka. Kusini yetu kuna miamba ya matumbawe na hifadhi za baharini zilizotangazwa mwaka 1968. Huko mawimbi huvunjika nje, na ndani maji yametulia. Mbele ya mji wetu sivyo. Matope na maji matamu ya Sabaki hayaachi matumbawe yamee, kwa hiyo ghuba iko wazi. Ndiyo sababu Julai na Agosti, kusi linapovuma, sisi tunapata mawimbi ya kupanda kwa ubao ambayo wenzetu wa Watamu hawayapati ndani ya mwamba wao. Mlango huohuo unaotuletea mawimbi unapitisha pia samaki wakubwa. Kuna papa mnene wa pua butu, wanasayansi humwita Carcharhinus leucas, ambaye hupenda midomo ya mito, huvumilia maji matamu, na wanawe hukulia kwenye maji ya namna hiyo. Katika tope hawezi kuona vizuri, wala wewe huwezi kumwona. Hutegemea kunusa, kuhisi mtikisiko wa maji, na uwezo wake wa kuhisi umeme mdogo wa mwili wa kiumbe kilicho karibu. Mguu unaopigapiga juu ya ubao, katika maji ya chai, hauna tofauti kubwa na samaki aliyejeruhiwa.

Hata hivyo tupime mambo kwa kadiri yake. Chuo Kikuu cha Florida kinatunza rejista ya dunia nzima ya watu walioumwa na papa. Mwaka 2024 walioumwa bila kumchokoza papa walikuwa 47, na waliofariki kati yao ni 4. Dunia nzima. Sisemi hili ili mtu adharau, kwa sababu wastani wa dunia haumsaidii aliye mahali pabaya saa mbaya, na yapo mahali ambapo mambo yaliharibika.

Mfano wa karibu ni Mogadishu. Katika ufuo wa Lido, miaka ya 1970 ikielekea mwisho na ile ya 1980, watu walishambuliwa mara kwa mara, na lawama kubwa iliangukia machinjio yaliyokuwa yakimwaga damu na matumbo baharini. Wa pili ni Réunion, katika bahari hiihii yetu ya Hindi. Kuanzia 2011 hadi 2019 watu 11 waliuawa na papa pale, wengi wao wapanda mawimbi, na mwaka 2013 serikali ilipiga marufuku kuogelea na kupanda mawimbi sehemu kubwa ya kisiwa, isipokuwa ndani ya mwamba na penye ulinzi. Mchezo uliokuwa ukilisha familia ulisimama. Mimi Mogadishu ndiyo inayonikaa moyoni zaidi, kwa sababu pale binadamu alimwita papa kwa mikono yake mwenyewe.

Nasi tulikuwa tunamwita. Kwa miaka mingi samaki wamekuwa wakipasuliwa na kuoshwa ukingoni, hatua chache tu kutoka pale tunapowafundishia watoto kusimama juu ya ubao. Mwezi Januari nilisimama pale maji yakipwa nikaona matumbo ya samaki yakielea kwa mstari, yakipita katikati ya wanafunzi. Na kuna boti moja ya watalii iliyokuwa ikimwaga vipande vya samaki ili wageni waone samaki wengi. Tulikaa na BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, mara tatu. Mara ya kwanza hatukuelewana, na wazee wa uvuvi walikuwa na haki ya kukasirika: wao walikuwepo ufuoni kabla ya kaiti ya kwanza kuruka. Mara ya tatu walipendekeza wao wenyewe kwamba kupasua kuhamie upande wa chini ya mkondo, na mabaki yatiwe kwenye mapipa yachukuliwe na wafugaji wa kuku. Sisi tumelipia mapipa. Boti nayo imeacha, baada ya nahodha kuoneshwa kwamba mwanawe mwenyewe anaogelea hapohapo.

Baadhi yenu mlileta hoja ya kutega nyavu za papa, kama Durban, ambako zimetumika tangu 1952. Kamati imeikataa, na nataka mjue sababu. Wavu ule si ukuta. Hauzibi ufuo, papa hupita juu yake na pembeni yake, na wengine hunaswa wakiwa wanatoka ufuoni kurudi baharini. Kazi yake ni kupunguza papa kwa kuwaua, na pamoja nao hufa kasa na pomboo. Kasa wanataga katika fukwe zetu. Na papa wenyewe hawapo wengi wa kuuawa: papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970, kwa sababu ya uvuvi. Sisi tuliolelewa kwa papa wa nazi tunaijua bei yake sokoni ilivyopanda.

Njia tuliyoichagua tumeiiga Cape Town, ambako tangu 2004 kuna watazamaji wanaokaa mlimani juu ya fukwe kama Muizenberg na kupandisha bendera. Kijani maana yake maji yanaonekana vizuri na papa hajaonekana. Nyeusi: papa hajaonekana, lakini na ndani ya maji hakuonekani vizuri. Nyekundu ni tahadhari kubwa. Nyeupe yenye picha ya papa, pamoja na king'ora: toka majini. Sisi hatuna mlima, tuna paa la banda na droni moja. Naomba muiheshimu bendera nyeusi kuliko zote, kwa sababu ndiyo itakayopepea siku nyingi za Novemba, na ndiyo inayoshawishi mtu kusema, "Mbona sioni kitu?"

Ikiwa nyeusi, hakuna masomo upande wa mdomo wa mto. Siku yoyote ile, hakuna kuingia kabla jua halijachomoza wala kukaa majini magharibi ikiingia. Ndege wakiwa wanapiga mbizi kwa fujo na vibua wanaruka, ondoka. Pale pana karamu. Mwenye kaiti akipoteza ubao nje asihangaike kuutafuta, aache kaiti imvute pwani. Mwindaji wa bunduki ya mkuki asijifunge samaki kiunoni. Na ukimwona papa, usipige maji kwa hofu. Mgeukie, mtazame, weka ubao kati yako na yeye, rudi taratibu kuelekea wenzako. Akishika, mpige machoni na kwenye matamvua.

Lililonitia uchungu zaidi mwaka huu lilitokea nchi kavu, kwenye zoezi la damu. Mtu aliyeumwa na papa akifa, mara nyingi huuawa na kutoka damu, na mshipa mkubwa wa paja hautoi muda mrefu. Ni dakika chache. Tulimlaza mwalimu mmoja mchangani, tukamwambia kijana wetu shupavu kuliko wote afunge mkanda wa kubana damu. Alifunga juu ya goti, kwenye kiungo. Akafungua. Akaanza upya vidole vikimtetemeka, kijiti cha kukazia mkanda kikamponyoka kikaingia mchangani. Alipomaliza, mgonjwa wake angekuwa ameshafariki, na hakuna aliyecheka. Tulirudia hadi jua lilipokuchwa: vidole vinne juu ya jeraha, si kwenye kiungo, zungusha kijiti mpaka damu isimame, andika saa, usifungue. Kamba ya mguuni ya ubao inaweza kutumika pasipo na kingine, lakini inanyumbuka, inakupa matumaini kumbe damu bado inapita. Ndiyo maana tumenunua mikanda halisi, mmoja kila boti na miwili bandani.

Zoezi la pili ni mwezi ujao, kabla kusi halijashika. Kila mwalimu ni lazima ahudhurie, na asiyehudhuria hatapewa wanafunzi msimu huu. Nimewaalika pia wavuvi wanne waliomwokoa kijana wetu. Wameniambia watakuja, ila zoezi lianze baada ya mitumbwi kurudi, na nimewakubalia.