Barua kwa Mwanangu: Kobe Hawaingii Tangi la Samaki

Mwanangu Mutua,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mama Brian. Sisi huku ni wazima. Baba yako bado anakohoa kidogo kwa sababu ya hii baridi ya Julai, na dada yako Mwende amejua kufungua friji, kwa hivyo hakuna mtindi unaolala humu ndani.

Kobe wako wawili wa majini wamefika. Wale jirani wa ghorofa ya pili walihama wikendi, na kama mlivyoagana waliwaleta ndani ya beseni, pamoja na kopo la kamba waliokaushwa lililobaki nusu na taa isiyowaka. Nimewapokea kwa sababu ulikuwa umeshatoa neno lako. Ila lile ombi la pili, kwamba niwatie kwenye tangi pamoja na samaki wako mpaka ufunge shule, hilo nimekataa. Usinune kabla hujafika mwisho wa barua.

Wako kwenye balkoni, ndani ya lile karai kubwa la kufulia. Nimepanga matofali upande mmoja ili wapande wakitaka kuota jua. Ni wale wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, ambao asili yao ni kusini mwa Marekani, bonde la mto Mississippi. Nimewapima kwa rula uliyoiacha mezani: mdogo ana gamba la sentimita 12, mkubwa 15. Mdogo ana kucha ndefu za mikono ya mbele, na hiyo ni alama ya dume. Mkubwa ni jike, na bado anakua. Majike wa aina hii hufika sentimita 25 na hata kupita.

Jana niliwatupia kipande cha samaki mbichi nikaketi na chai yangu kuwatazama. Jike alisogea polepole, shingo imejikunja ndani, nikadhani hana njaa. Mara shingo ikafyatuka. Aliuma, akashika nyama kwa mkono mmoja na kuivuta kwa mdomo, na maji yote yakajaa vipande vyeupe. Hana hata jino moja, lakini ule mdomo unakata kama mkasi wa fundi cherehani. Sasa nifikirie wale gapi, samaki wako wadogo wenye mikia mipana, wanaoelea mbele yake kutwa nzima.

Unasema kuna kijana hapo shuleni ambaye kwao kobe na samaki wanaishi tangi moja bila shida. Sibishi. Hata mtoni wanaishi pamoja. Lakini mtoni samaki ana pa kukimbilia, ana majani na mawe ya kujificha, na kobe ana mita nyingi za kuhangaika kabla hajampata. Kwenye vioo vinne hakuna kona ambayo kobe hajaijua kufikia siku ya pili. Wapo watu wanaofaulu, wenye mabwawa uani au matangi makubwa ajabu, na samaki wepesi ambao wako tayari kuwapoteza. Wewe samaki wako umewapa majina.

Na yule anayelamba kioo usidhani atanusurika kwa ukubwa wake. Aina yake ina miiba kwenye mapezi, na kobe akimmeza, miiba inaweza kumkwama kooni. Hapo umepoteza wote wawili. Wengine huanza kuwalamba kobe wenyewe na kuwakwaruza gamba. Wale wa dhahabu nao wana kasoro yao: miili yao ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kwa hivyo kobe aliyezoea kuwala huishia kuumwa.

Watu wote huogopa mdomo wa kobe. Mimi naogopa zaidi mkojo wake. Kobe wa majini hawezi kumeza vizuri akiwa nje ya maji, kwa hivyo hula majini, huacha makombo majini, na humohumo hukojoa na kunya, tena sana kuliko samaki wa ukubwa wake. Uchafu huo hutoa amonia. Kobe anapumua kwa mapafu: anatoa pua juu, anavuta hewa, anarudi chini. Maji yakiharibika yeye anayaogelea tu. Samaki anayapumua hayohayo, na amonia inamuunguza matamvua. Ungekuja kuwakuta wanaelea, na hakuna aliyeumwa hata mara moja, nasi tungebaki kulaumu chakula.

Filta yako ina bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, halafu nitrati, ambayo haina sumu kali hivyo. Bakteria hao wamezoeana na uchafu wa samaki wako wadogo. Ukiwamwagia uchafu wa kobe wawili kwa siku moja, hawaongezeki usiku huo. Wanaotunza kobe huweka filta ya tangi linalozidi lao mara mbili au tatu, na bado wanabadilisha maji kila wiki.

Kuna na suala la joto. Samaki wa dhahabu wanapenda maji baridi kidogo, ndiyo maana hawajawahi kuhitaji hita hapa kwetu. Kobe hawa wanataka maji ya nyuzi 24 hadi 27. Nikiwasha hita, kobe watafurahi na hao wa dhahabu watahema, kwa maana maji yakipata moto hubakiza oksijeni kidogo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hivyo hata bila hita maji yetu hubeba oksijeni pungufu kuliko ya Mombasa yenye joto lilelile. Na stima ikipotea kama ilivyopotea juzi, pampu inazima na hakuna anayepuliza hewa.

Sasa tufanye hesabu, maana wewe ndiye uliyepata A ya hesabu. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wa kobe ni lita 40 za maji kwa kila sentimita 2.5 za gamba. Jike wetu wa sentimita 15 anataka lita 240 peke yake. Tangi lako linabeba 80. Hata ungewatoa samaki wote, bado halimtoshi. Tuseme tupate la lita 300: ukibadilisha theluthi moja kwa wiki ni lita 100, yaani mitungi mitano ya lita 20, kupanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, katika nyumba ambayo maji hufunguliwa kwa zamu. Tena maji ya mfereji yana klorini, lazima yalale kwenye ndoo au yatiwe dawa ya kuiondoa, la sivyo unaua wale bakteria wa filta. Lita 300 ni kilo 300, bado kioo, bado mawe. Kabla sijamwambia fundi wa Kamukunji aanze kuchomelea stendi, nitamwuliza landilodi kama sakafu itabeba.

Sijui kama jirani walikuambia, dume macho yake yalikuwa yamevimba yakafumba kabisa. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Aliniuliza kwanza wanakula nini, nikamwonyesha lile kopo. Akasema kobe anayelishwa kamba wakavu tu, mwaka nenda mwaka rudi, hukosa vitamini A, na macho ndiyo huonyesha mapema. Kobe wachanga hula nyama zaidi, lakini wakikua wanataka majani kwa wingi. Basi sasa wanakula sukuma wiki iliyokatwakatwa, na karoti iliyokwaruzwa. Spinachi nimeikataza, ina oksaleti inayofunga kalsiamu, na kalsiamu ndiyo gamba lenyewe. Dume ameanza kufungua jicho la kushoto. Tone la dawa nampa mimi mwenyewe, baba yako anasema yeye hashiki mnyama anayeweza kumrudishia shingo.

Ile taa isiyowaka ilikuwa ya miale ya UVB. Bila miale hiyo kobe hatengenezi vitamini D3, na bila D3 hata umpe kalsiamu gunia zima gamba linalainika. Jua la dirishani halisaidii kwa sababu kioo huzuia UVB. Hapa balkoni, karibu hivi na ikweta, jua la saa nne asubuhi ni dawa tosha, mradi nusu ya karai iwe na kivuli wasiive. Lakini wiki hii jua halijatoka, na usiku ni baridi mno, kwa hivyo jioni ninawaingiza ndani, na taa itabidi inunuliwe.

Na hapo ndani ndipo kuna Mwende. Hili nakwambia kama muuguzi. Kobe anaweza kuwa mzima kabisa na bado akabeba Salmonella, bakteria wa kuharisha, tumboni na kuimwaga kwenye maji. Marekani walipiga marufuku kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, karibu sentimita 10, tangu mwaka 1975, kwa sababu watoto walikuwa wakiambukizwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano hatakiwi kabisa kuwashika, na dada yako ana mitatu na kila kitu anakionja. Kwa hivyo karai lao halioshwi kwenye karo la jikoni, mikono inanawa kwa sabuni kila mara, na mlango wa balkoni unafungwa kwa komeo la juu. Ukirudi, sheria hizi zinakuhusu wewe kwanza.

Lile wazo la Kevo, kwamba mkichoka nao mtawaachilia Nairobi Dam, lifute kabisa. Kobe hawa wamo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani, na Ulaya walizuia kuwaingiza tangu 1997 kwa sababu watu walikuwa wakiwatupa mabwawani. Baba yako alikuonyesha Naivasha. Mwaka 1970 waliingizwa mle kamba wa maji yasiyo na chumvi wa Louisiana, wanaotoka upande uleule wa Marekani na kobe wako, wakaja kufyeka mimea ya majini ya ziwa. Bwawa letu lina magugu yake ya kutosha. Na usinichukulie kobe wa mtoni wa hapa nchini kuwaongezea wenzake. Mnyamapori hafugwi bila kibali, ndivyo ilivyo katika sheria ya 2013. Kuhusu hawa wa kigeni, nitapita ofisi za KWS, wale wa wanyamapori, pale Lang'ata nikiwa zamu ya usiku, niulize tunatakiwa kufanya nini.

Basi fikiria vizuri. Kobe hawa huishi miaka 20, 30, wengine 40. Wewe una 15. Ukisema unawataka, nitalipia tangi lao pekee, na nusu ya pesa itatoka kwa zile ulizowekewa na mjomba. Samaki wanabaki kwao. Tena ujue huenda siku moja dume na jike wakahitaji kutenganishwa, kwa sababu dume akianza kumsumbua jike hana pa kukimbilia. Ukisema hapana, sitakukasirikia hata kidogo. Tutatafuta mtu mwenye bwawa lililozungushiwa ukuta, na dume hatoki hapa mpaka macho yapone.

Nijibu kupitia mama Brian, anakuja tena mwisho wa mwezi. Fundi anataka amana, na sitaki kumlipa kwa kitu ambacho hujaamua. Sweta yako ya pili nimemkabidhi pamoja na barua hii. Na gapi wako wamezaa. Nimewahamishia vitoto kwenye ile chupa kubwa ya maji kabla mama zao hawajawala.

Mimi mamako.