Msituambie tufiche simu, wabaneni wanaozinunua

Mhariri,

Nawasoma miaka mingi sijawahi kuwaandikia, ila ile taarifa yenu ya Jumatatu ya vibaka wa bodaboda imenishinda kunyamaza. Ushauri wote tunapewa sisi tunaoibiwa: tusiongee na simu barabarani, tusivae cheni, kina mama mikoba waikatishe kifuani. Hilo la mkoba nimeliona linavyofanya kazi.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa anatoka kazini saa mbili usiku, kashuka Tabata Relini anafuata njia ya pembeni ya Mandela, taa haziwaki, mkoba kaukatisha kifuani vilevile mnavyoshauri. Bodaboda ikatokea nyuma ina watu wawili, wa nyuma akadaka mkanda, dereva akavuta mafuta, na kwa sababu mkanda umempita shingoni na kwapani haukuchomoka, akaburuzwa yeye pamoja na mkoba mpaka kile kichuma cha pembeni kilipong'oka, wakaenda na mkoba na simu ndani. Kiwiko kilichunika, goti hivyohivyo, nesi alikuwa anatoa vijiwe vya lami kimoja kimoja na kibano huku binti wa watu analia, na namba ya pikipiki hakuna aliyeisoma maana plate ilikunjwa ikaangalia juu. Mkoba ungekuwa begani tu wangeenda nao, mkoba unanunuliwa! Kufika kituo cha polisi tunaulizwa boksi la simu liko wapi, bila IMEI, ile namba ya utambulisho ya kila simu, hakuna kufuatilia, tukapewa RB, yaani namba ya taarifa yetu, mpaka leo kimya.

Simu ya wizi hailiwi, inauzwa. Kuna mtu anaipokea usiku uleule, kuna fundi anaiflash, anafuta kila kilichokuwemo, asubuhi iko mezani inaitwa used. Na uwezo wa kuzifunga upo, maana Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu feki nchi nzima kwa kutumia hizohizo IMEI, Januari 2020 wakaanza kufunga laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole. Sasa simu iliyoibiwa ikiwekwa laini yenye jina la mtu, kitambulisho chake na kidole chake, inashindikana vipi kumjua nani anaitumia?

Halafu watu wakiona kituoni haisaidii wanajichukulia sheria mkononi. Juzi hapa mtaani kijana nusura achomwe moto, kosa lake alikuwa anakimbilia daladala na mtu kapiga kelele ya mwizi. Hilo nalo mliandike, sio mpaka afe ndio iwe habari ya "wananchi wenye hasira kali".

Mimi nataka hivi: kila anayenunua simu used awe na daftari, jina na namba ya NIDA ya aliyemuuzia, IMEI na sahihi, na mjumbe awe na haki ya kulikagua, simu isiyokuwemo ichukuliwe. Dawati la polisi liweze kufunga IMEI hapohapo kabla hujaondoka, hata saa nane usiku. Na wasomaji wenzangu bonyezeni *#06# leo, zile tarakimu 15 za IMEI ziandikeni kwenye daftari la nyumbani, msitegemee boksi. Zile plate zilizokunjwa zinapita mbele ya trafiki kutwa nzima, waanze nazo kesho asubuhi pale Buguruni.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam