Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Umeme wa Rufiji unaishia kwenye bati

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni fundi viyoyozi hapa Dar es Salaam, mwaka wa kumi na saba sasa. Nilianza kwa kumbebea fundi mwingine ngazi pale Kariakoo, na leo nina vijana wawili wanaobeba yangu. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu ninalotaka kusema linahusu nyumba za watu wengi, na nyingi kati ya hizo nimeingia kwa miguu yangu mwenyewe.

Februari mwaka huu mwalimu mmoja mstaafu wa Mbagala alinipigia simu. "Mwanangu, AC yangu inamaliza LUKU na baridi yenyewe siioni. Njoo unifungie ya pili." Nilifika saa mbili usiku. Kabla sijagusa mashine nilipanda juu ya stuli nikaweka kiganja kwenye dari. Jua lilikuwa limezama zaidi ya saa nzima, lakini jipsamu ilikuwa ya moto kama ubavu wa birika. Juu yake kuna bati la msauzi rangi ya maruni, limepigiliwa kwenye mbao bila kitu chochote katikati. Nyumba yenyewe ni ya mtindo wa siku hizi: paa limefichwa nyuma ya ukuta, hakuna upenu wa kukinga jua, madirisha ni ya alumini ya kuteleza, ambayo hata ukiyafungua yote unapata nusu ya tundu. AC ni mtumba wa BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), rimoti imewekwa nyuzi 16, na kompresa haipumziki.

Nikamwambia, "Mwalimu, ukiongeza mashine ya pili utakuwa unapoza bati. Nipe wiki mbili nipime kwanza."

Kupima hakuhitaji maabara. Saa tatu usiku mwalimu anasoma uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, saa kumi na mbili asubuhi anasoma tena, namba zote mbili ananitumia kwa simu. Usiku mmoja tulizima AC kabisa ili tujue friji na feni zinakula kiasi gani, tukawa tunatoa hicho. Ule mtumba ulikuwa unakula uniti 8.7 kwa usiku mmoja. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, ukiweka na kodi na tozo, uniti moja inafika kama shilingi 356. Kwa hiyo mwalimu alikuwa analala kwa zaidi ya shilingi 3,000 kila usiku, kutoka kwenye pensheni.

Hatukuanza na AC. Tulianza na paa. Tulitandaza foili yenye povu chini ya bati, tukatoboa matundu ya kutolea hewa ya moto pande mbili za paa, na bati lenyewe tukalipaka rangi nyeupe, kwa kuwa limefichwa na hakuna jirani wa kulicheka. Wiki iliyofuata mtumba uleule, rimoti ikiwa nyuzi 25 na feni ya dari ikizunguka taratibu, ulikula uniti 5.9. Mwezi uliofuata mwanawe alimnunulia AC mpya ya inveta, aina nitakayoieleza hapo chini, ya ukubwa uleule. Ikala uniti 3.2. Chumba ni kilekile, mtu ni yuleyule, joto la kaskazi ni lilelile la Machi. Na AC ya pili aliyoniitia hajaifunga mpaka leo.

Mheshimiwa, nakuletea hesabu za chumba kimoja kwa sababu nimeona serikali yako inajua kufanya hesabu za namna hii. Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya hapo, mama lishe yeyote ungemwambia apike maharage kwa umeme angekuona mwendawazimu. Watu walibadilika pale walipooneshwa jiko la presha la umeme likipika maharage huku mita ikisomwa mbele yao, wakaona uniti hata moja haijaisha. Mlishinda hoja kwa kuonesha. Nakuomba ufanye hivyohivyo kwa kupoza nyumba, maana huku hakuna anayeonesha chochote.

Nenda duka lolote la AC. Muuzaji atakutajia BTU, atakutajia bei, atakutajia dhamana. Muulize inakula uniti ngapi kwa mwaka, atakuangalia. Mimi mwenyewe, fundi, huwa nageuza mashine kusoma kibati cha nyuma, na kibati hicho kimeandikwa kwa lugha ambayo mteja wangu haijui. Matokeo yake watu hununua kwa bei ya dukani peke yake. Mtumba wa mwalimu ulinunuliwa 450,000, inveta ilikuwa 1,050,000, na mtu mwenye laki tano mkononi hawezi kulaumiwa. Lakini hata ukilinganisha baada ya paa kurekebishwa, mtumba ulizidi uniti 2.7 kila usiku, karibu shilingi elfu moja, yaani kama shilingi 29,000 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyobaki na bati tupu pengo ni kubwa zaidi. Ile laki sita aliyookoa mnunuzi anairudisha kidogo kidogo kupitia LUKU, na baada ya hapo anaendelea kulipa.

Kwa wasiojua inveta ni nini, nieleze kwa ufupi. Kompresa ya kawaida inajua mambo mawili tu, kwenda kasi yote au kuzima. Ni kama dereva wa daladala anayekanyaga mafuta mpaka mwisho, kisha breki, kisha mafuta tena. Inveta inapunguza mwendo chumba kikishapoa, inatembea taratibu usiku kucha. Na AC yoyote, ya zamani au mpya, haitengenezi baridi. Inabeba joto la ndani na kulitupa nje. Ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuhamisha uniti tatu au nne za joto, na mashine nzuri huhamisha zaidi. Na ndiyo maana paa linalomimina joto ndani mchana kutwa ni sawa na kuchota maji kwenye mtumbwi uliotoboka.

Sisi si wa kwanza kukutana na jambo hili. Kenya wana kanuni tangu 2016 zinazotaka friji na AC zibandikwe nembo ya nyota. Ghana waliweka nembo kwenye AC tangu 2005, na mwaka 2008 wakatunga kanuni ya kupiga marufuku uingizaji wa friji na AC za mtumba, wakaanza kuibana kweli kweli 2013. Rwanda wana mkakati wa taifa wa kupoza tangu 2019. India, kuanzia Januari 2020, AC yenye nembo ya nyota lazima itoke kiwandani ikiwa imepangwa nyuzi 24. Mteja anaweza kushusha akitaka, lakini inawaka kwenye 24. Hilo la mwisho halina gharama hata ya shilingi, na kila ninapokuta rimoti iko 16 nalifikiria. Watu wanaamini 16 inapoza haraka zaidi. Kwa mashine ya kawaida si kweli: inapoza kwa kasi ileile, tofauti ni kwamba haijui kusimama.

Kuhusu mitumba naomba unisikilize kama fundi. Nyingi ninazofungua bado zina gesi ya kupozea iitwayo R22. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa dunia wa kulinda ozoni, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimeiondoa karibu yote ifikapo 2030. Mtu anayenunua mashine hiyo leo ananunua kitu ambacho baada ya muda mfupi hata gesi yake ya kujaza itakuwa tabu kupata. Waliokuwa nayo kule ilikotoka wanajua, ndiyo maana wameing'oa. Na mwaka 2016, hapo jirani Kigali, dunia ilikubaliana kupunguza hata gesi zilizokuja baada yake, kama R410A, kwa sababu zinapasha dunia joto. Mashine mpya nyingi zinakuja na R32, ambayo inaweza kushika moto kidogo. Nimeona fundi anachomelea bomba huku gesi ya R32 ikiwa bado ndani, sigara mdomoni. Hakuwahi kufundishwa. Vyuo vya VETA vipo. Mafundi wa mitaani tuleteeni kozi fupi za jioni, na anayefaulu apewe cheti ambacho muuzaji atalazimika kukiona kabla hajamkabidhi kazi.

Najua utaambiwa kwamba umeme sasa upo wa kutosha. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, na mimi ni mmoja wa waliofurahi zilipokamilika mwaka 2025. Lakini umeme kuwepo Rufiji ni jambo moja, kufika chumbani kwa mwalimu ni jambo lingine. Usiku wa Januari na Februari mtaa mzima unawasha AC ndani ya saa moja. Transfoma iliyowekwa wakati mtaa una feni na balbu inazidiwa, umeme unashuka nguvu, na kompresa inayojaribu kuwaka kwenye umeme mdogo inaungua. Msimu wa joto nabadilisha kompresa kuliko ninavyofunga mashine mpya. Hiyo kazi inanilipa vizuri, na bado nasema haipaswi kuwepo kwa wingi huo.

Tena nchi hii si Dar peke yake. Dodoma hewa ni kavu na usiku unapoa, kwa hiyo feni ya kupoza kwa maji inafanya kazi safi kule, na nyumba yenye kuta nene inayofunguliwa madirisha usiku inaweza kukaa bila AC kabisa. Feni hiyohiyo inauzwa huku kwetu kwa jina la "kiyoyozi cha maji". Hewa ya pwani imejaa unyevu tayari, maji hayana pa kwenda, mteja analala kwenye mvuke. Nembo ya serikali ingesema wazi: hii ni ya bara kavu, si ya pwani.

Na kuna wanaohitaji joto. Makete na Njombe, Juni na Julai, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango, na wapo wasioamka. AC ya inveta inayogeuka, yaani inayobeba joto la nje na kulileta ndani, ingewapa joto bila moshi na kwa umeme mdogo kuliko hita ya waya. Nilifunga moja kwenye nyumba ya wageni mkoani Njombe miaka miwili iliyopita. Mhudumu alisimama mbele yake na khanga begani, akanyoosha mikono, akaniuliza mara mbili kama kweli ni "ile ya baridi".

Ninachokuomba ni hiki. Kaa na Shirika la Viwango na Mamlaka ya Mapato, kila AC inayopita bandarini iwe na nembo ya Kiswahili yenye namba moja kubwa: uniti kwa mwaka. Tangaza tarehe ambayo mitumba ya R22 haitapokelewa tena, na itangaze mapema ili wafanyabiashara wadogo wamalize mzigo walionao. Zungumza na wenzako wa ardhi na TAMISEMI, kibali cha ujenzi kisitolewe kwa nyumba ya bati isiyo na kizuizi cha joto chini yake. Foili ya chumba cha mwalimu iligharimu chini ya robo ya bei ya AC aliyotaka kuongeza. Na anzeni na ofisi zenu. Nimefanya sevisi kwenye ofisi moja ya umma ambako AC nne zilikuwa zinawaka nyuzi 18, madirisha wazi, na watumishi wamevaa masweta.

Daftari la namba za mwalimu ninalo, usiku 63, kila usiku na tarehe yake, na mwenyewe ameridhia lioneshwe. Ukimteua ofisa yeyote nitamletea, na nitampeleka juu ya stuli aweke kiganja kwenye dari za nyumba tatu za mtaa mmoja. Joto la kaskazi linaanza Desemba. Makontena ya AC za msimu huo huagizwa miezi kadhaa kabla.

Wako mtiifu,
Fundi viyoyozi, Temeke
Dar es Salaam