Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Hadithi Fupi za Kijapani

Ndugu wanachama,

Mahesabu mtasomewa na mhazini, kwa hiyo mimi nitasema ya vitabu. Mkutano uliopita mlipoamua mwaka mzima tusome hadithi fupi za Kijapani, mimi nilikuwa upande wa waliokataa. Leo nayameza maneno yangu.

Tulianza na Akutagawa Ryunosuke, hadithi yake ya 1922 ya maiti iliyokutwa kichakani. Mashahidi na wahusika saba wanatoa maelezo, na hayalingani. Lazima nikiri kosa la uongozi: nakala tulizotolewa dukani zilikosa kurasa za mwisho, zenye ushahidi wa marehemu mwenyewe akisema kupitia kwa mganga. Tulibishana saa mbili nani muuaji na hakuna aliyegundua pengo. Katibu alipoleta kurasa zilizopotea wiki iliyofuata, ubishi ukazidi.

Kawabata Yasunari, mshindi wa Nobel wa 1968, alitupatia hadithi fupi mno ambazo kwao huitwa hadithi za kiganja. Nyingine hazifiki kurasa tatu. Wazee wamezipenda, vijana wamelalamika kwamba hakitokei kitu. Vijana walijipoza kwa Murakami Haruki, mwandishi wa siku hizi, na sina la kuongeza hapo.

Kilichotushika hasa ni Miyazawa Kenji, aliyefariki 1933 akiwa na miaka 37. Katika hadithi yake ya 1924, mabwana wawili wa mjini wanapotea mlimani wakiwinda, wanakuta hoteli ya chakula. Kila mlango una tangazo. Wanene na vijana wanakaribishwa zaidi. Chaneni nywele. Acheni bunduki. Vueni viatu. Mpaka hapo hakuna kati yetu aliyeshtuka. Nani kwetu anaingia ndani na viatu? Walipoambiwa wajipake malai usoni na mikononi, mama mmoja akaacha kusuka ukili wake. Walipofika kwenye chungu cha chumvi, akasema, "Basi, hao ndio kitoweo."

Kwa Kijapani jina la hadithi hiyo, *Chumon no Oi Ryoriten*, yaani hoteli ya chakula yenye *chumon* nyingi, lina mtego. Neno *chumon* ni chakula unachoagiza, na pia ni sharti unalopewa. Tulisoma kwanza kwa Kiingereza, tukaona mtego unapita kwa shida. Mwenzetu aliyesoma Japani akauliza: kwani sisi hatuna "maagizo"? Mteja anaagiza wali, mkubwa anatoa agizo. Neno lilikuwa mdomoni mwetu siku zote.

Ndipo tukaanza kuitafsiri wenyewe, yeye akisoma Kijapani chenyewe, sisi tukitafuta Kiswahili. Miyazawa haki zake za uandishi zimeshaisha muda, hatumdhulumu mtu; Murakami ni wa kusomwa tu, msije mkanitia matatani. Sentensi moja ilitula Jumamosi nzima. Upepo unavuma, kisha nyasi zinalia *zawazawa*, majani *kasakasa*, miti *gotongoton*. Kiingereza tulichokuwa nacho kilizigeuza sauti hizo kuwa vitenzi. Sisi hatukuwa na haja hiyo, tanakali tunazo tele, ila kila mtu alikuja na ya kwao. Kwa sasa rasimu inasema: "Upepo ukaja vuuu, nyasi chaka-chaka, majani kwaru-kwaru, miti ndu! ndu!" Hiyo "ndu" bado inanikera. Mti si mlango.

Nimependekeza tukimaliza tuombe wasomaji wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Osaka, ambako lugha yetu inafundishwa, waipitie. Wao watatuonea makosa tusiyoyaona.

Limebaki jina. Kuna wanaotaka "Hoteli ya Maagizo Mengi" na wanaotaka "Mgahawa", wakihofu msomaji atadhani kuna vitanda. Kura itapigwa leo baada ya chai. Na walio bado na zile nakala pungufu za Akutagawa, wazirudishe kwa katibu kabla ya kuondoka.